Hifadhidata za dini: Asiyejua jina hukosa utafiti uliopo

MWANAFUNZI wa chuo kikuu anayeandaa tasnifu kuhusu kanisa la Legio Maria anawasha tarakilishi, anaandika jina hilo kwenye kisanduku cha kutafutia cha hifadhidata ya utafiti, kisha anasubiri. Orodha inayomjia imejaa makala kuhusu chama cha walei wa Kikatoliki kilichoasisiwa jijini Dublin, Ireland, mwaka wa 1921. Anapekua kurasa mbili tatu, anakata tamaa, na katika sura ya kwanza ya tasnifu yake anaandika kwamba mada hiyo haijawahi kufanyiwa utafiti.

Kosa la aina hii si geni vyuoni. Utafiti kuhusu Legio Maria upo, na sehemu yake ina umri wa zaidi ya nusu karne. Kilichomponza mwanafunzi huyo ni kutofahamu kwamba hifadhidata haijibu maswali, bali hujibu majina. Anayelijua jina ambalo mada yake ilisajiliwa nalo hupata hazina. Asiyelijua hutoka mikono mitupu na kudhani hazina haipo.

Jambo hili haliwahusu wanafunzi pekee. Mwaka wa 2023 taifa lilipigwa na butwaa baada ya miili ya zaidi ya watu 400 kufukuliwa katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi. Serikali iliunda jopokazi la kuchunguza sheria zinazosimamia mashirika ya kidini, na mjadala ukapamba moto kuhusu ni nani anayestahili kufungua kanisa na ni nani wa kumdhibiti. Katika mjadala huo, wengi walizungumza kana kwamba Kenya haijawahi kukabiliana na maswali hayo, na baadhi wakayatia makanisa yote madogo katika kapu moja na lile la Shakahola.

Ilhali wasomi wameandika kuhusu manabii wa Kiafrika, makanisa yaliyojitenga na uhusiano wao na dola tangu enzi ya ukoloni. Mbunge anayetunga mswada, mchungaji anayeupinga na mwanahabari anayeripoti mvutano huo wangefaidika sana kwa kuyasoma maandishi hayo kabla ya kunena. Asiyejua kuyatafuta hubakia kuhukumu imani za wenzake kwa uvumi.

Hifadhidata ni nini?

Hifadhidata ya utafiti ni orodha kubwa iliyopangwa ya makala, vitabu na tasnifu. Kila andiko husajiliwa kwa jina la mwandishi, kichwa, mwaka, jarida lilikochapishwa, na aghalabu ikisiri, yaani muhtasari wa aya moja. Muhimu zaidi, wakutubi hulipatia andiko hilo vichwa vya mada, ambavyo ni maneno maalumu yanayoeleza linahusu nini, hata kama maneno hayo hayamo katika kichwa chake.

Hapo ndipo hifadhidata inapotofautiana na injini ya kawaida ya kutafutia kama Google. Injini hiyo huzunguka kwenye mtandao na kuokota kurasa zenye maneno uliyoandika, ziwe za profesa au za mpita njia. Hifadhidata hukuletea maandishi yaliyochaguliwa na kupangwa na watu wanaoifahamu fani husika.

Katika masomo ya dini, hifadhidata inayojulikana sana ni ile ya Atla, muungano wa maktaba za theolojia ulioasisiwa nchini Marekani katika miaka ya 1940. Faharasa yake ya kwanza ya majarida ya dini ilichapishwa ikiwa kitabu. Siku hizi hupatikana mtandaoni kupitia kampuni ya EBSCO, na vyuo hulipia ili wanafunzi wao waitumie.

Kwa masomo ya Kiislamu kuna Index Islamicus, iliyoanzishwa na mkutubi J. D. Pearson wa chuo cha SOAS, London. Juzuu yake ya kwanza, ya mwaka wa 1958, ilikusanya makala yaliyochapishwa kuanzia 1906 hadi 1955. Nayo pia imehamia mtandaoni na hulipiwa.

Asiye na chuo hana sababu ya kuvunjika moyo. Index Theologicus, ambayo hutunzwa na maktaba ya Chuo Kikuu cha Tübingen nchini Ujerumani, haitozi mtu yeyote hata senti moja. Anayetaka tu kujua ni nani ameandika nini, lini na wapi, anaweza kuanzia hapo akiwa na simu yake mkononi.

Kanisa moja, majina kadhaa

Na turudi kwa mwanafunzi wetu. Legio Maria ni kanisa lililojitenga na Kanisa Katoliki magharibi mwa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1960, likiongozwa na Simeo Ondeto pamoja na Gaudencia Aoko. Chama kile cha Dublin kwa Kilatini huitwa Legio Mariae, na kiliasisiwa na Frank Duff. Kiliingia Kenya kupitia kwa Edel Quinn, mwanamke wa Ireland aliyefika Nairobi mwaka wa 1936 na kuaga dunia mumo humo mwaka wa 1944. Kanisa la Ondeto lilirithi jina kutoka kwa chama hicho. Ndiyo maana mitambo huyachanganya.

Isitoshe, waandishi wa awali waliligeuza jina la kanisa hilo wakaliita Maria Legio. Jina la mwanzilishi nalo huandikwa Ondeto na mahali pengine Ondetto. Anayetafuta kwa tahajia moja tu hupoteza yote yaliyoandikwa kwa tahajia nyingine.

Tatizo hilo huwa kubwa zaidi tunapotumia vifupisho. Wasomi huyaita makanisa yaliyoanzishwa na Waafrika wenyewe AIC, na herufi hizo zimefasiriwa kwa njia tatu: African Independent Churches, African Instituted Churches na African Initiated Churches. Hata hivyo, mwulize Mkenya yeyote maana ya AIC naye atakujibu kwamba ni Africa Inland Church, kanisa lililotokana na kazi ya wamishonari wa Africa Inland Mission. Anayeandika herufi hizo tatu kwenye kisanduku na kubofya ameomba maji akaletewa maji ya kila kisima.

Majina pia hubeba itikadi za nyakati. Makanisa hayo hayo, katika maandishi ya kikoloni na ya baadhi ya wamishonari, huitwa madhehebu ya wazushi au ya waasi. Dini ya Msambwa ya Elijah Masinde, ambayo serikali ya kikoloni iliipiga marufuku mwaka wa 1948, hutajwa pia kama Dini ya Misambwa. Mtafiti anayechukizwa na msamiati wa zamani hana budi kuuandika katika kisanduku hata hivyo, maadamu ndio uliotumiwa kuyahifadhi maandishi hayo.

Upande wa Uislamu hali ni ile ile. Kitabu kitukufu huandikwa Quran, Qur'an na Koran katika Kiingereza, Coran katika Kifaransa na Qurani au Kurani katika Kiswahili. Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy, aliyewahi kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya na ambaye tafsiri yake kamili ya Qurani kwa Kiswahili ilitolewa mwaka wa 1969, husajiliwa kama Farsy, Farsi na hata Farisi.

Anayeandika neno Mazrui pekee atafurikiwa na kazi za Profesa Ali Mazrui, mwanasayansi wa siasa aliyefariki mwaka wa 2014. Kumbe alimtaka babake, Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui, mwanazuoni wa Mombasa aliyeishi kati ya 1891 na 1947, na aliyechapisha magazeti ya Sahifa na Al-Islah katika miaka ya 1930. Kuna pia mwanaisimu Alamin Mazrui, wa ukoo huo huo. Dawa ya mkanganyiko huu ni kuongeza jina kamili na kutazama miaka ya kuzaliwa na kufa, ambayo wakutubi huiweka kando ya jina kwa sababu hiyo hasa.

Namna ya kuuliza

Hatua ya kwanza hufanyika kabla ya kugusa tarakilishi. Andika swali lako kwenye karatasi, kisha ulichambue katika dhana zake. Tuseme unataka kujua wanawake walikuwa na nafasi gani katika uongozi wa Legio Maria, swali la maana kwa kuwa Aoko alikuwa mwanamke kijana. Dhana ni tatu: kanisa lenyewe, wanawake na uongozi. Chini ya kila dhana orodhesha majina yake yote. Kwa kuwa hifadhidata nyingi za fani hii hutunzwa kwa Kiingereza, orodha yako itakuwa ya Kiingereza vilevile.

Hatua ya pili ni kuyaunganisha maneno hayo kwa viunganishi vitatu ambavyo mitambo huvielewa: AND, OR na NOT. Mantiki yake hutokana na kazi ya George Boole, mwanahisabati wa Uingereza wa karne ya 19. OR hupanua wavu; huleta andiko lenye neno hili au lile. AND huubana, huleta lile tu lenye maneno yote. NOT huondoa.

Hivyo basi, katika mstari wa kwanza ungeandika "Legio Maria" OR "Maria Legio", na katika mstari wa pili women OR gender, huku AND ikiwa kati ya mistari hiyo. Alama za kunukuu huuambia mtambo ulichukue jina zima kama lilivyo, badala ya kuyatawanya maneno na kukuletea kila andiko linalomtaja Bikira Maria.

NOT itumie kwa tahadhari, kama panga mkononi mwa mgeni shambani. Ukiandika NOT Ireland ili kuepuka chama cha Dublin, utakuwa umefyeka pia andiko linaloeleza jinsi chama hicho kilivyoingia Kenya na kuwa chimbuko la kanisa unalolichunguza.

Kinyota nacho husaidia. Ukiandika prophe* utapata maneno yote ya Kiingereza yanayoanza hivyo, yawe yanahusu nabii, unabii au manabii wa kike. Usikate neno kwa ufupi mno, kwani pro* itakuletea maelfu ya mambo yasiyo na uhusiano.

Hatua ya tatu ndiyo wanafunzi wengi huiruka. Ukishapata andiko moja tu linalofaa, usikimbilie kulisoma. Fungua rekodi yake na utazame vichwa vya mada alivyolipa mkutubi. Bofya kichwa kimojawapo, na maandishi mengine yaliyopewa kichwa hicho yatajitokeza, pamoja na yale ambayo usingeyabahatisha kamwe. Kisha tazama marejeo yaliyo mwishoni mwa andiko hilo. Kila moja ni mlango wa chumba kingine.

Mathalani, anayelipata andiko la Matthew Kustenbauder kuhusu Legio Maria, lililochapishwa mwaka wa 2009 katika jarida la Nova Religio, atakuwa na ncha ya uzi wa kufuata hadi kwa watangulizi. Miongoni mwa kazi za kale za fani hii ni kitabu cha David Barrett cha 1968, Schism and Renewal in Africa, kilichochunguza takriban harakati 6,000 za kidini barani Afrika. Kuna pia jarida zima, Journal of Religion in Africa, ambalo limekuwa likichapishwa tangu 1967.

Wahubiri na walimu wa Biblia wana njia yao ya pekee. Atla na Index Theologicus humwezesha mtu kutafuta kwa sura na aya. Anayetayarisha somo kuhusu kauli ya Paulo juu ya wanawake katika Timotheo wa Kwanza, sura ya pili, anaweza kuita maandishi yanayochambua aya hiyo hiyo, badala ya kupekua vitabu vizima vya ufafanuzi.

Mitego ya kuepuka

Orodha ikishatokea, ichuje kwa mwaka, lugha na aina ya andiko. Mtego wa kwanza ni uhakiki wa vitabu. Majarida ya dini huchapisha uhakiki mwingi, na katika orodha kichwa chake hufanana na cha kitabu chenyewe. Mwanafunzi asiyekuwa makini hunukuu kurasa mbili za mhakiki akidhani amemnukuu mwandishi.

Mtego wa pili ni wa siku hizi. Programu za akili unde, maarufu kama AI, zinapoombwa marejeo huweza kutunga makala ambayo hayajawahi kuandikwa, yakiwa na kichwa cha kuvutia, jina la msomi halisi, juzuu na hata nambari za kurasa. Kama tulivyozoea kusikia kuhusu wafanyakazi hewa wanaolipwa mishahara serikalini, haya ni makala hewa.

Kuyafichua si kazi ngumu. Weka kichwa cha andiko ndani ya alama za kunukuu, ukitafute katika hifadhidata. Kisipoonekana, fungua tovuti ya jarida lenyewe na utazame toleo la mwaka uliotajwa. Kama kurasa hizo zina andiko la mtu mwingine, lifute rejeleo hilo bila huruma. Katika dini, ambapo kauli moja ya uongo kuhusu imani ya watu inaweza kuzua uhasama, kazi hiyo ya dakika tano ni wajibu.

Nitayasoma wapi?

Kupata jina la makala ni jambo moja. Kuyasoma ni jambo lingine. Mara nyingi msomaji hufika mlangoni akaambiwa alipe dola kadhaa za Marekani. Kabla ya kutoa pesa, au kurudi nyuma, kuna njia za kujaribu.

Mwanafunzi na aulize maktaba ya chuo chake. Vyuo vingi nchini ni wanachama wa muungano wa maktaba uitwao KLISC, ambao hulipia kwa pamoja haki za kusoma majarida ya mtandaoni. Wapo wanafunzi wanaohitimu bila kujua kwamba karo yao ilikuwa imeshawafungulia milango hiyo, wala kwamba nywila ya maktaba ingewawezesha kusoma wakiwa nyumbani.

Asiye chuoni anaweza kujisajili kwa JSTOR, ambayo humruhusu mtu binafsi kusoma idadi fulani ya makala kila mwezi bila malipo. African Journals Online, iliyoanzishwa mwaka wa 1998, hukusanya majarida yanayochapishwa barani Afrika, na mengi hupakuliwa bure. Orodha ya DOAJ huonyesha majarida yaliyo wazi kwa wote duniani. Vyuo vikuu vyetu navyo huweka tasnifu za wahitimu kwenye hazina zao za mtandaoni, na humo ndimo mara nyingi mna utafiti wa nyanjani kuhusu makanisa na misikiti ambayo majarida ya ng'ambo hayajaisikia.

Njia ya mwisho ni ya kiungwana na hufaulu mara nyingi: mwandikie mwandishi barua pepe fupi yenye adabu, umwombe nakala.

Yasiyomo

Yafaa kumaliza kwa onyo. Hata anayejua majina yote na viunganishi vyote ataona pengo. Hifadhidata hizi ziliundwa Marekani na Ulaya, zikalenga majarida ya huko na lugha za huko. Mawaidha ya masheikh wa Pwani, vijitabu vya Kiswahili vya makanisa, na magazeti kama Al-Islah hayajasajiliwa humo ipasavyo. Kutokuwemo kwao si ushahidi kwamba watu wetu hawakufikiri wala kuandika.

Hapo sharti mtafiti ainuke kitini. Hati za Msikiti wa Riyadha, Lamu, zilipigwa picha za kidijitali chini ya mradi wa Maktaba ya Uingereza wa kuokoa nyaraka zilizo hatarini. Chuo cha SOAS kina orodha ya miswada ya Kiswahili. Mafaili ya serikali ya kikoloni yamo katika Hifadhi ya Kitaifa ya Nyaraka jijini Nairobi. Na mashahidi wengine wangali hai, wamo makanisani na misikitini, wakingoja mtu wa kuwauliza kwa heshima.

Kwa hivyo mwanafunzi wetu asiandike kwamba mada yake haijawahi kufanyiwa utafiti. Na aandike alitafuta wapi, kwa majina yapi, mwaka gani, na nini alichokikosa. Sentensi hiyo itakuwa ya kweli, na atakayekuja baada yake ataanzia pale yeye alipofika.